Ua Lisihame: Gundi za Kushikizia Urembo wa Mfarishi

Leo tunazungumzia gundi. Najua fundi wa siku nyingi akisikia gundi inatajwa mbele ya cherehani hukunja uso, na ana sababu zake, nitazifikia. Lakini kwa anayeshona mfarishi wa maua ya kubandika, gundi si kitu cha kudharau, wala si kitu cha kuokota dukani kwa kufuata bei tu.

Mfarishi ninaousema ni lile tandiko la tabaka tatu: juu uso wenye urembo, katikati pamba, chini bitana, na mishono inayopita zote tatu ili zisiachane. Urembo wa juu unaweza kupatikana kwa kuunga vipande ubavu kwa ubavu, au kwa kukata umbo fulani, liwe ua, ndege au herufi, na kulishona juu ya kitambaa kingine. Leo tunashughulika na hili la pili.

Tuseme umekata ua kutoka kwenye kitenge, ua la petali tano, unataka likae katikati ya kitambaa cheupe. Umelipanga, umelitazama kwa mbali, limekaa sawasawa. Unalitia chini ya mguu wa cherehani na kuanza kukanyaga. Ukifika petali ya tatu ua limeanza kuhama. Ukifika ya tano kuna kikunjo kinakungoja na hakuna pa kukipeleka. Usilaumu mkono wako. Meno ya cherehani husukuma kitambaa cha chini, mguu hukandamiza cha juu, basi kwa kila mshono cha chini kinatangulia na cha juu kinasalia nyuma kidogo. Zaidi ya hapo, ua ni mviringo, na mviringo maana yake sehemu kubwa ya ukingo imekatwa mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika, hata ukikigusa kwa upole.

Dawa inayojulikana ni pini na bandi. Pini hushika, ila kila pini huinua kitambaa pale inapopita, na mshono ukilikaribia hilo tuta hupinda. Bandi ni bora kuliko pini, ila kwenye mfarishi wenye maua mengi utapiga bandi jioni nyingi kabla hujashona hata mshono mmoja wa kubaki. Hapo ndipo watu wanapokimbilia gundi. Na wakifika dukani, swali la kwanza ni: ipi inashika sana?

Hilo, kwa heshima zote, ni swali la fundi viatu. Fundi viatu anataka soli isiachie mpaka kiatu chenyewe kife. Sisi tunataka kitu kitakachoshika ua kwa muda wa kulishona, kisha kiondoke. Na kama hakiondoki, basi anayejifunika asijue kuwa kipo. Kazi ya kudumu ni ya uzi. Ukilielewa hilo, nusu ya gundi zilizopangwa rafuni unaziacha palepale.

Kuna mfarishi mmoja mkubwa duniani ambao walioutunza walilazimika kulisema jambo hili wazi. Ulianza San Francisco, Marekani, mwaka 1987, chini ya mwanaharakati Cleve Jones, kuwakumbuka waliokufa kwa ukimwi. Marehemu walishonewa vipande vya futi 3 kwa futi 6, kipimo cha kaburi. Oktoba ya mwaka huohuo vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja wa National Mall mjini Washington. Leo vinakaribia 50,000, na mzigo wake wote ni kiasi cha tani 54. Waliovitengeneza wengi hawakuwa mafundi. Walikuwa mama, wapenzi, marafiki, watu ambao pengine walikuwa hawajawahi kushika sindano ila kwa kurudishia kifungo. Mtu wa namna hiyo, akiwa na majonzi na jina la kuandika kwa herufi za kitambaa, atashika chupa ya gundi kabla ya kushika uzi. Kwa hiyo miongozo waliyopewa iliruhusu rangi, darizi na picha, lakini ikawatahadharisha wasitegemee gundi kushika vitambaa na herufi, maana haitadumu, wavishone. Ukifikiri kidogo utaona kwa nini. Kipande kinakunjwa, kinasafirishwa, kinakunjuliwa, kinatandazwa, kinakunjwa tena. Gundi kavu haipendi kukunjwa. Huvunjika ndani kwa ndani, kidogo kidogo, mpaka siku moja herufi inabaki mkononi mwa aliyekuja kuitazama.

Upande wa uzi, mtazame Harriet Powers. Alizaliwa utumwani huko Georgia mwaka 1837. Baada ya uhuru alishona mfarishi wa visa vya Biblia uliooneshwa kwenye maonyesho ya pamba mwaka 1886: watu, wanyama, jua na nyota, vyote vimekatwa kwenye vitambaa na kushonwa juu ya kitambaa. Shida ilipombana aliuuza kwa dola 5. Sasa umehifadhiwa Washington, kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani, na maumbo yake yako palepale alipoyaweka, zaidi ya miaka 130 baadaye.

Tena kuna hawa walio karibu nasi kwa damu: Wasiddi wa jimbo la Karnataka, India, wajukuu wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi kutoka upande wa mashariki wa bara letu. Mifarishi yao inaitwa kawandi, na hushonwa kwa nguo zilizochakaa. Mwanamke huanza pembeni, akazunguka kingo zote, akikunja ukingo wa kila kiraka kwa vidole pale anapokifikia, akielekea katikati mpaka nafasi imekwisha. Gundi ya nini hapo? Kila kiraka kinakamatwa na uzi kabla hakijapata wasaa wa kuhama.

Sasa utaniuliza: ikiwa hao wote wamefika bila gundi, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu hao walikuwa na mikono iliyoizoea kazi, na wewe msikilizaji wangu huenda unashona saa moja usiku baada ya kutoka kazini, kwa cherehani, kazi ya mtoto wa dada yako anayezaliwa mwezi ujao. Hakuna aibu kusaidiwa.

Kabla hujatoka kwenda dukani, jiulize jambo moja: ukingo wa ua lako utakunjwa ndani au utaachwa wazi kama ulivyokatwa? Jibu la swali hili ndilo linalochagua gundi.

Ukingo wazi hufumuka. Ukiufua mara chache, nyuzi zinaanza kutoka mojamoja chini ya mshono. Hapa unahitaji gundi inayoingia kwenye nyuzi zenyewe na kuzishika mpaka kwenye ncha, na inayofanya hivyo vizuri ni ule utando wa gundi wa kubandika kwa pasi. Haukufumwa kama kitambaa. Ni gundi tupu, vijinyuzi vya plastiki vinavyoyeyuka kwa joto, vimelazwa juu ya karatasi. Madukani nje ya nchi unaitwa kwa majina ya watengenezaji: Bondaweb, Wonder-Under, HeatnBond, Steam-A-Seam na mengine. Watu wengi huuchanganya na kile kitambaa cha gundi ambacho fundi hukitia ndani ya kola ili isimame. Kile kina gundi upande mmoja tu. Utando huu unashika pande zote mbili, ua kwa juu na kitambaa kwa chini. Ukiambiwa dukani ni kitu kilekile, omba ukione kwanza. Ukikosa kabisa, kuna ule ukanda mwembamba wa gundi wa kupindia suruali bila kushona. Ni jamaa yake, ila wenyewe aghalabu hauna karatasi, kwa hiyo itabidi uuweke kati ya ua na kitambaa bila kuuchora.

Kuutumia si kazi, ila kuna mtego mmoja. Unachora umbo juu ya karatasi, unaukata utando kwa kuacha nafasi pembeni, unaubandika kwa pasi mgongoni mwa kitenge, halafu unakata juu ya mstari wenyewe. Unaambua karatasi, unaweka ua mahali pake, unapiga pasi tena. Mtego ni kwamba umechora mgongoni, hivyo umbo litatokea limegeuka kama kwenye kioo. Ua haligombi. Herufi zinagomba. Mtu akiandika jina la mtoto, AMINA, herufi mojamoja, atazitazama A na M na I, zote ziko sawa, kwa kuwa hizo hata ukizigeuza ni zilezile. Moyo utatulia, atabandika, na N itakuwa imegeuka nyuma mbele, imeshashika, haitoki. Kwa hiyo herufi zote zichore kinyume, hata zile unazodhani hazihitaji.

Utando huu una daraja zake, mwepesi na mzito. Mzito umetengenezwa kwa kazi isiyoshonwa kabisa. HeatnBond, kwa mfano, wana aina yao nzito, na wenyewe wanasema usipitishe sindano. Ukipitisha, sindano inapata moto kwa kusuguana, gundi inalainika na kuganda juu yake, uzi unakatika, mishono inarukwa, na wewe unadhani cherehani imeharibika. Kwa mfarishi chukua mwepesi kila mara. Hata huo mwepesi, ukipachika jani juu ya ua juu ya duara, tabaka zinajumlishana na unapata kitu kigumu ambacho hakuna mtoto atakayetaka kulazwa juu yake. Wajuzi wa kazi hii hutoboa dirisha: kabla ya kubandika, wanakata katikati ya utando na kuitupa, wanabakiza ukanda wa nusu sentimita tu kufuata ukingo. Kingo zinashika, katikati ya ua inabaki laini. Mimi kwa mfarishi wa kitandani siwezi kushauri njia nyingine ya utando zaidi ya hiyo. Na kama nia yako ni kushona zile tabaka tatu kwa mkono, utando uuache. Sindano ya mkono kupita kwenye gundi ni adhabu, hata ukiwa na subana kidoleni.

Moto sasa. Gundi hii haihitaji moto mkali. Inahitaji moto wa kiasi na pasi iliyotulia. Weka pasi, hesabu taratibu mpaka muda ulioandikwa kwenye karatasi ya utando, inua, sogea. Usiburute, ukiburuta unalihamisha ua lilelile ulilokuwa unalizuia lisihame. Ukizidisha moto au muda, gundi inanywewa na kitambaa, juu hakuna kilichobaki cha kushika, na pengine inatokeza upande wa pili na kuacha doa la kung'aa. Aina nyingine zinataka mvuke, nyingine zinataka pasi kavu, na hapa hakuna kubahatisha. Anayetumia pasi ya mkaa namwonea huruma kidogo, kwa sababu joto halina kipimo na jivu halina adabu. Ila si kwamba hawezi: aweke kitambaa cha pamba juu ya kazi, ajaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, na aikung'ute pasi mbali na meza.

Jambo linaloangusha wengi halimo kwenye gundi wala kwenye pasi. Limo kwenye kitambaa. Kitenge kipya kutoka dukani kimekazwa kwa wanga na dawa za kiwandani. Ndiyo maana kinasimama wima ukikikunjua. Gundi ikikutana na hiyo tabaka, inaishika tabaka, haishiki kitambaa. Ukifua, tabaka inayeyuka na ua linainuka. Khanga ndiyo kabisa. Kwa hiyo fua kwanza, suuza vizuri, anika, piga pasi, ndipo ubandike. Na katika kufua huko usitie ile dawa ya kulainisha nguo na kuzipa harufu nzuri, maana nayo inaacha utando wa mafuta ambao gundi haiupendi. Faida ya pili ni kwamba kitambaa kitakuwa kimeshanywea kabla ya kushonwa, na rangi inayotoka itakuwa imetokea kwenye beseni, haikutokea juu ya kitambaa cheupe.

Sasa ukingo wa kukunjwa. Hapa mambo yanageuka. Ukingo uliokunjwa ndani haufumuki, basi huhitaji gundi ya kubaki. Unahitaji ya kushikiza tu, ambayo ufuaji wa kwanza utaiondoa. Gundi nyeupe ya watoto wa shule, ile ambayo chupa yake imeandikwa kuwa hutoka kwa maji, inafanya kazi hii vizuri kabisa, na kuna gundi zilizotengenezwa kwa washonaji ambazo zina ncha nyembamba kama sindano. Gundi ya kijiti pia inafaa, ile ya kuzungusha kitako ikachomoza. Kampuni ya Henkel ya Ujerumani ndiyo iliyoitoa ya kwanza mwaka 1969 kwa jina la Pritt, baada ya mtaalamu wao kutazama namna rangi ya midomo inavyofanya kazi. Nani angedhani kijiti cha rangi ya midomo kingefika kwenye mfarishi.

Ila soma chupa. Gundi nyeupe ya seremala inafanana nayo kwa sura na kwa harufu, na ni ya ukoo mmoja kikemia, lakini yenyewe ikikauka haitoki kwa kufua kirahisi. Inabaki ngumu, na watunzaji wa makumbusho wanajua kuwa gundi za namna hiyo zikizeeka huweza kutoa asidi ya siki polepole. Kitambaa cha pamba hakipendi asidi.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyofikiri. Vitone tu, vikae mbali na ukingo kwa kiasi cha milimita tano, ili mshono usipite juu yake. Mtu akimimina mstari mzima kuzunguka ua, gundi inapenya, inakauka, na sindano inakutana na ukuta. Weka vitone, laza ua, kandamiza kwa kiganja, gusa kwa pasi sekunde chache ikauke haraka, endelea. Ukiona limekaa vibaya, linyanyue kabla halijakauka, au lilowanishe kidogo uanze upya. Hiyo ndiyo sababu kubwa inayonifanya niipende gundi ya maji kuliko utando: inasamehe.

Na asiye na duka la karibu asikate tamaa, kwa sababu uji wa wanga uliwahi kabla ya chupa zote hizi. Chukua kijiko cha wanga wa muhogo, ukoroge kwenye maji baridi ya glasi moja usibaki na madonge, weka motoni huku unakoroga mpaka rangi nyeupe ipotee na uji uwe kama kioo. Uchuje kwenye kitambaa, uache upoe, upake kwa brashi nyembamba kwenye upindo tu. Unashika vizuri sana ukipigwa pasi, na wataalamu wa kutengeneza nguo za kale makumbusho wanatumia uji wa namna hiyo, wao kwa wanga wa ngano, kwa sababu maji huutoa. Una masharti mawili. Utumie siku hiyohiyo, kesho utakuwa umechacha. Na mfarishi ufuliwe baada ya kushonwa, usihifadhiwe na wanga wake ndani, maana mende na wadudu wengine wa kabatini wataupata kabla yako.

Kuna njia nyingine ambayo nina upendeleo nayo, nayo inatumia kile kitambaa cha gundi cha kola, ambacho karibu kila muuza vifaa vya ushonaji anacho. Chukua kile chepesi. Chora jani upande usio na gundi. Laza kitenge mezani uso wake ukitazama juu, weka kitambaa cha gundi juu yake, upande wa gundi ukielekea chini, vitazamane. Shona juu ya mstari kuzunguka jani zima, mishono midogo, bila kuacha nafasi. Kata kwa kuacha kiasi cha nusu sentimita, kwenye kona za ndani ukate kidogo kuelekea mshono bila kuugusa. Sasa pasua kitambaa cha gundi peke yake katikati, mpasuo mdogo, ugeuze jani kupitia hapo. Kingo zimejikunja ndani zenyewe, sawasawa, na gundi imetokea mgongoni. Nyoosha kingo kwa ukucha au kwa kijiti, kwa sababu ukipiga pasi wakati huo jani litashika ubao wa pasi badala ya mfarishi. Liweke mahali pake, ndipo upige pasi, kisha ulishone kuzunguka. Umepata kushikizwa na upindo kwa pigo moja, na hapa umbo halijigeuzi kama kwenye kioo. Kasoro yake ni unene: tabaka moja imeongezeka. Na haifai kwa herufi nyembamba. Kugeuza kiguu cha N kupitia mpasuo ni kutafuta ugomvi.

Gundi za kupuliza nitazipitia haraka. Zipo za washonaji, zinashika kwa muda na zinakuruhusu kubandua na kubandika tena, na kwa kushika pamba na bitana kwenye mfarishi mkubwa zinaokoa mgongo. Lakini gesi iliyomo aghalabu hushika moto, na ukungu wake unaelea hewani na kufika kwenye pumzi yako na kwenye sakafu. Puliza nje au madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko na pasi ya mkaa, na mwenye pumu asiwepo.

Sasa zile za kuacha rafuni. Gundi ya viatu inaacha doa la manjano linaloonekana hata upande wa juu, na harufu yake haitoki kitandani. Gundi ya kuyeyushwa kwa bunduki inakaa nene kama mwanzo mpaka mwisho, na siku mfarishi ukipigwa pasi inayeyuka upya na kutafuta pa kwenda. Ya tatu ni supagluu, na hii naomba unisikilize vizuri kwa sababu jambo lenyewe si la urembo tena. Supagluu ikimwagikia kitambaa cha pamba hukauka kwa kasi kubwa mno, na katika kukauka huko inatoa joto. Kitambaa kinaweza kufuka moshi, na aliyekivaa au aliyekishika anaweza kuungua. Madaktari wamekwisha kuwatibu watoto walioungua hivyo baada ya gundi kumwagikia nguo zao. Isikae kwenye kikapu chako cha ushonaji kabisa, hata kwa ajili ya kuunga kifungo.

Kwa hiyo uchaguzi wangu, kama unataka kuujua. Mfarishi wa mtoto utakaofuliwa kila wiki: kingo zikunjwe, gundi ya maji au uji wa wanga, halafu uzi. Pambo la ukutani, bendera ya harusi, jina juu ya mkoba: utando mwepesi, kisha zigizaga ya karibukaribu kuzunguka ukingo, kwa sindano nyembamba na kali. Sindano ikianza kunata ipanguse kwa spiriti, au uibadilishe. Sindano mpya ni rahisi kuliko kitenge. Pasi ikishika gundi isikwanguliwe kwa kisu. Ipashe moto, ipitishe juu ya taulo kuukuu lenye chumvi kidogo, mara mbili tatu, itaachia.

Na kabla hujagusa kazi yenyewe, bandika kipande kwenye kipande, kwa vitambaa vilevile na pasi ileile, ushone, ukifue jinsi utakavyoufua mfarishi, ukikaushe juani, ukikunje. Fanya hivyo mara tatu. Ukiona ukingo umeinuka, badilisha kabla hujakata ua la pili.

Mwenye kuuza mifarishi namwomba kitu kimoja zaidi: ashone kilebo kidogo kwenye pembe ya bitana, aandike namna ya kufua na upande wa kupiga pasi. Mnunuzi hajui kama ndani kuna utando au wanga, na pasi yake haina subira kama yako. Juma lijalo tutazungumzia uzi wenyewe, na kwa nini uzi wa kushonea gunia hauna kazi kwenye ua la khanga, hata kama ndio uliobaki nyumbani.